Kifaa cha kulengea kwenye upinde: Mwindaji achague kipi?

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Septemba, majani ya miti yanapoanza kubadilika rangi, wawindaji wengi nchini Marekani huziacha bunduki zao nyumbani na kuingia msituni na upinde. Wengi wao humfuata mnyama mmoja, kulungu wa mkia mweupe, anayepatikana katika sehemu kubwa ya nchi hiyo.

Silaha wanayobeba ni ya kale kwa jina tu. Upinde wa siku hizi umetengenezwa kwa alumini au nyuzi za kaboni, una magurudumu ya kapi katika ncha zake mbili, na mbele ya mpini wake umefungwa kifaa kidogo chenye duara ambalo ndani yake zimepangwa pini zinazong'aa. Hicho ndicho kifaa cha kulengea, na ndicho kinachowasumbua wanunuzi wengi pindi wanapofika dukani.

Madukani hupatikana vya pini 1, vya pini 3, 5 na hata 7. Vipo vinavyouzwa kwa makumi ya dola, na vipo vya kompyuta ambavyo bei yake inazidi ile ya upinde wenyewe. Kila mtengenezaji hudai kwamba cha kwake humfikisha mwindaji mbali zaidi.

Hata hivyo, umbali sicho kipimo cha kwanza. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata mishipa na kumwaga damu, na huua upesi pale tu unapopita katika moyo au mapafu. Mshale ukipiga tumbo au paja, mnyama hukimbia na jeraha, akafia mbali baada ya saa nyingi au siku kadhaa, na nyama yake ikapotea. Kwa sababu hiyo, kifaa bora ni kile kinachompa mwindaji uhakika wa mahali mshale utakapotua, na kinachomjulisha mapema wakati ambao hapaswi kuuachia.

Kutoka jicho tupu hadi pini

Kwa karne nyingi wapiga upinde hawakuwa na kifaa cha kulengea. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanawinda hadi leo bila pini wala alama yoyote. Jicho humkazia mnyama, na mkono uliozoea kazi hiyo tangu utotoni huuelekeza mshale.

Uwindaji wa upinde wa Wamarekani wa leo nao ulianzia katika njia hiyo. Mwaka 1911 mtu mmoja wa kabila la Yahi, aliyekuja kujulikana kwa jina la Ishi, alijitokeza karibu na mji wa Oroville, jimboni California, baada ya watu wake kumalizika. Daktari Saxton Pope, aliyekuwa akimtibu, alijifunza kwake kutengeneza pinde na kuwinda kwazo. Ishi alifariki mwaka 1916, lakini Pope na rafiki yake Arthur Young waliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1925 walifika hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale.

Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilifungua msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa upinde, na baadaye majimbo mengine yakafuata.

Badiliko kubwa lililetwa na Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, ambaye mwaka 1966 aliomba hataza ya upinde wa kapi na kuipata mwaka 1969. Katika upinde wa kawaida, mzigo huongezeka kadiri ugwe unavyovutwa, hivyo mpigaji hawezi kukaa muda mrefu akilenga. Upinde wa kapi hufanya kinyume chake. Ukifika mwisho wa mvuto, kapi huubeba mzigo huo. Upinde unaohitaji nguvu ya kilo 30 kuuvuta unaweza kumwachia mkono wa mwindaji kilo 6 tu za kushikilia.

Kwa kuwa mkono umepumzika, mwindaji alipata sekunde kadhaa za kulenga kwa utulivu, na hapo ndipo pini zilipokuwa na maana. Bado wapo wanaotumia pinde za asili bila kifaa chochote, lakini wengi wao hujizuia kupiga mnyama aliye mbali.

Mshale hauendi moja kwa moja

Ili kuchagua vizuri, mnunuzi hana budi kuelewa kwanza safari ya mshale. Upinde wa kapi wa kawaida huweza kurusha mshale kwa mwendo wa futi 280 kwa sekunde, yaani takribani mita 85. Mwendo huo ni mkubwa kwa mshale, lakini ni mdogo mno ukilinganishwa na risasi ya bunduki, na dunia huanza kuuvuta mshale chini mara tu unapotoka kwenye ugwe.

Wamarekani hupima umbali kwa yadi, na yadi 1 ni pungufu kidogo ya mita 1. Kwa mwendo uliotajwa, mshale utakuwa umeshuka takribani sentimeta 22 kutoka katika mstari ulioanzia utakapofika yadi 20, ambazo ni mita 18. Utakapofika yadi 40, ambazo ni kama mita 37, utakuwa umeshuka takribani sentimeta 90. Utakapofika yadi 60, utakuwa umeshuka zaidi ya mita 2.

Kwa lugha nyepesi, umbali ukizidi mara 2, mporomoko huzidi kiasi cha mara 4. Ndiyo maana kila umbali unahitaji alama yake. Pini ya juu ni ya karibu na ya chini ni ya mbali, kwa kuwa mwindaji anayeweka pini ya chini juu ya mnyama hulazimika kuuinua upinde, na mshale ukaanza safari yake kwa juu zaidi.

Hesabu hiyo huonyesha pia gharama ya kukosea umbali. Mwindaji anayedhani kulungu yuko mita 18, kumbe yuko mita 23, atapiga takribani sentimeta 5 chini ya alipolenga, na mnyama ataanguka palepale jirani. Anayedhani yuko mita 37, kumbe yuko mita 42, atapiga chini kwa sentimeta 13 au zaidi. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa kama sentimeta 20 hadi 25. Aliyelenga katikati yake hana ziada ya sentimeta 13. Mshale wake utapita chini ya kifua au utajeruhi tu.

Kosa ni lilelile la mita 5, ila matokeo ni tofauti. Kwa msingi huo wawindaji wengi hubeba kipima umbali cha leza, chombo kidogo kinachoshikwa mkononi kama darubini, na wengine huanza kwa kupima miti iliyo karibu na maficho yao kabla mnyama hajatokea.

Pini nyingi zisizohama

Aina inayotumiwa na watu wengi ni ile yenye pini 3 hadi 5 zilizofungwa mahali pamoja, kila moja ikiwa imewekwa kwa umbali wake. Kawaida pini ya kwanza huwa ya yadi 20, ya pili 30 na ya tatu 40.

Ubora wake ni kwamba hakuna cha kuzungusha. Kulungu akisogea kutoka yadi 20 hadi 30, mwindaji ambaye tayari ameuvuta upinde huhamisha jicho tu kutoka pini moja hadi nyingine. Akiwa katika yadi 25, huweka shabaha katikati ya pini hizo mbili.

Kasoro yake ni msongamano. Pini 5 au 7 ndani ya duara dogo huziba sehemu ya mnyama, hasa akiwa mbali. Aidha, kosa la kuchagua pini isiyo yake ni la kawaida kuliko wengi wanavyokiri. Moyo ukidunda na mkono ukitetemeka, mtu huweza kutumia pini ya 40 kwa mnyama wa yadi 20, na mshale ukapita juu ya mgongo. Wahenga walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na anayenunua pini 7 ilhali hajawahi kupiga vizuri kupita yadi 40 anajiongezea nafasi 4 za kukosea.

Pini moja inayohama

Aina ya pili ina pini 1 tu, na pembeni mwake lipo gurudumu linaloiteremsha au kuipandisha. Gurudumu hilo huambatana na utepe wa namba. Mwindaji hupima umbali, akazungusha hadi kwenye namba husika, kisha akaweka pini palepale anapotaka kupiga.

Kifaa hiki humwezesha mwindaji kuona vizuri na kulenga kwa usahihi, kwani hakuna kukisia katikati ya pini mbili. Wawindaji wa maeneo ya wazi ya magharibi, ambako mnyama huonekana kutoka mbali na muda wa kumpima upo, hukipenda sana.

Shida huja mnyama anapotembea. Mwindaji akishauvuta upinde, mkono wake mmoja umeshika mpini na mwingine umeshika ugwe. Hana mkono wa tatu wa kuzungusha gurudumu. Itambidi aulegeze upinde, ajongee, azungushe na auvute tena, na kulungu huhitaji kuona dalili moja tu ya mjongeo ili atoweke.

Kwa msitu mzito ipo njia ya kati. Pini hiyo moja huwekwa yadi 25 na kuachwa hapo. Kwa upinde wa mwendo uliotajwa, mshale utapiga juu kwa takribani sentimeta 5 mnyama akiwa yadi 15, na chini kwa takribani sentimeta 6 akiwa yadi 30. Kote huko bado umo ndani ya eneo la mapafu. Mwindaji anayejiwekea mpaka wa yadi 30 hana haja ya kuligusa gurudumu hata mara moja.

Mchanganyiko, pembea na kompyuta

Katikati ya aina hizo mbili ipo ya mchanganyiko. Hii ina pini kadhaa zilizowekwa kwa umbali wa kawaida, na gurudumu linaloshusha kifaa chote ili pini ya chini ifanye kazi ya pini ya kuhama kwa umbali mkubwa. Ni nzuri kwa mtu anayewinda msituni na uwandani, lakini huwa nzito zaidi, ni ghali zaidi, na humtaka mwenyewe akumbuke kulirudisha gurudumu mwanzo kila anapomaliza. Aliyesahau huenda na pini zote zikiwa zimehama.

Ipo pia ya pembea, ambayo pini yake huning'inia na kujisogeza yenyewe mwindaji anapoinamisha upinde kutoka juu ya dungu lililojengwa mtini. Imekusudiwa kwa anayewinda akiwa juu, na kwa umbali mfupi. Haimfai anayetembea ardhini.

Mwaka 2018 kampuni ya Garmin ilitoa kifaa cha Xero chenye leza ndani yake. Mwindaji hubonyeza kitufe akiwa ameuvuta upinde, leza ikapima umbali, kisha nukta ya mwanga ikajitokeza mahali panapostahili. Kifaa hicho huondoa kazi ya kukisia na kazi ya kuchagua pini. Lakini hutegemea betri, na hakiruhusiwi kila mahali.

Sheria kabla ya pesa

Uwindaji nchini Marekani husimamiwa zaidi na kila jimbo, na kanuni zinatofautiana. Baadhi ya majimbo ya magharibi, Montana na Idaho yakiwa miongoni mwao, kwa miaka mingi yamepiga marufuku vifaa vya umeme kufungwa kwenye upinde wakati wa msimu wa uwindaji wa mishale. Hoja yao ni kwamba msimu huo umetengwa kwa ajili ya silaha yenye mipaka, na kifaa kinachofuta mipaka hiyo kinafuta pia sababu ya kuutenga.

Hata taa ndogo ya betri inayomulika pini huweza kuhesabiwa kuwa ni umeme. Kwa hiyo, mnunuzi anashauriwa kusoma kijitabu cha kanuni cha jimbo lake cha mwaka huo kabla ya kutoa pesa, na anayevuka mpaka kwenda kuwinda jimbo jirani asome pia cha huko.

Hilo lina uzito wa pekee kwa Waafrika Mashariki walioko Marekani, ambao baadhi yao hualikwa na majirani au wafanyakazi wenzao kuingia msituni. Mkenya ametoka katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977. Kule alikohamia unaruhusiwa, lakini kwa leseni, kwa msimu, na mara nyingi kwa cheti cha mafunzo ya usalama.

Mwanga wa alfajiri na jioni

Kulungu hutembea zaidi alfajiri na jioni, na katika majimbo mengi muda halali wa kupiga huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuishia nusu saa baada ya kuzama. Kifaa kinachoonekana vizuri dukani chini ya taa kinaweza kuwa kiza kitupu msituni katika dakika hizo.

Pini za siku hizi zina uzi wa kupitisha nuru, unaofanya kazi kwa kanuni ileile ya mkongo wa mawasiliano. Uzi hukusanya mwanga kupitia ubavu wake na kuutoa kwenye ncha kama nukta ya kijani, nyekundu au ya njano. Kadiri uzi ulivyo mrefu ndivyo nukta inavyong'aa, na ndiyo sababu vifaa bora huuzungusha uzi mrefu ndani ya kikombe au kuzunguka duara.

Unene wa nukta nao huchaguliwa. Zilizozoeleka ni za inchi 0.010, 0.019 na 0.029, yaani takribani milimita 0.25, 0.5 na 0.75. Nyembamba haimfuniki mnyama aliye mbali, lakini hufifia mapema jioni na humpa taabu mtu ambaye macho yake yameanza kuchoka. Nene huonekana upesi lakini huficha shabaha. Kwa mtu asiye na hakika, ile ya kati, 0.019, haitamwangusha.

Vipo vifaa vinavyotumia tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mnururisho ambayo hung'aa bila betri. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Kwa kuwa baadhi ya majimbo huikataza pia, ushauri wa kusoma kanuni unahusu hata aina hii.

Jicho, tundu na pimamaji

Kabla ya kununua chochote, mwindaji ajue jicho lake tawala. Anyooshe mikono mbele, akutanishe viganja ili libaki tundu dogo katikati, atazame kitu kilicho mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo tawala. Anayetawaliwa na jicho la kushoto huona tabu kulenga kwa upinde wa mkono wa kulia, na hakuna pini itakayomwondolea tabu hiyo.

Kifaa cha mbele hakifanyi kazi peke yake. Ndani ya ugwe husokotwa kiduara kidogo chenye tundu, na mwindaji huchungulia humo. Duara la kifaa linapaswa kujaa sawasawa ndani ya tundu hilo, duara ndani ya duara. Yakilingana, kichwa kimekaa mahali pake palepale kila mara. Likiwa dogo kuliko tundu au kubwa kuliko tundu, jicho huyumba na mshale nao huyumba. Kwa hiyo, mnunuzi aende dukani na upinde wake, auvute, na achungulie.

Chini ya duara huwekwa pimamaji ndogo, sawa na ile ya fundi mwashi. Upinde ukiegemea kulia, mshale huenda kulia. Ukiegemea kushoto, huenda kushoto, na kosa hukua kadiri mnyama alivyo mbali. Mtu aliyesimama kwenye mteremko huuegemeza upinde bila kujua. Kifaa kisicho na pimamaji hakistahili kununuliwa, hata kiwe rahisi namna gani.

Kwa anayewinda milimani, vifaa vizuri zaidi huruhusu pimamaji hiyo irekebishwe ili isome sawa upinde unapoelekezwa juu au chini. Mwindaji wa tambarare anaweza kuiokoa pesa hiyo.

Mwishowe atazame skrubu. Kila mshale unapotoka, upinde hutikisika, na baada ya mamia ya mishale skrubu hulegea. Alumini hustahimili kuliko plastiki. Kinachofaa ni kile ambacho mwenyewe anaweza kukikaza kwa spana ndogo, na chenye alama zilizochorwa ili pini iliyohama igundulike kwa macho.

Mshale ndio mwalimu

Kifaa kikishafungwa, hurekebishwa kwa kanuni moja: pini huufuata mshale. Mishale ikipiga juu ya shabaha, pini hupandishwa; ikipiga kushoto, pini husogezwa kushoto. Kazi huanzia karibu, yadi 10, kisha 20, na husogea nyuma hatua kwa hatua. Uamuzi haufanywi kwa mshale mmoja bali kwa mishale 3 iliyotua pamoja, kwa sababu mmoja unaweza kuwa kosa la mkono.

Hali kadhalika, mazoezi ya mwisho yafanywe kwa vichwa vya chuma vyenye makali vitakavyotumika msituni. Vichwa hivyo mara nyingine huruka tofauti na vile butu vya mazoezi, hata vikiwa na uzito sawa. Aliyeacha hatua hiyo hugundua tofauti siku ambayo mnyama amesimama mbele yake.

Anayewinda mteremkoni akumbuke kwamba mshale hushuka kwa kadiri ya umbali wa ulalo wa ardhi, si wa mstari wa jicho. Mnyama aliye yadi 40 kwa mteremko wa nyuzi 30 hupigwa kama aliye yadi 35. Kutoka kwenye dungu la mita 6, tofauti hiyo ni ndogo na haina haja ya kumtia mtu wasiwasi.

Kile ambacho pini haiwezi

Lipo jambo moja ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulitibu. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, mara 4 ya mwendo wa mshale. Kulungu aliye yadi 40 huusikia mlio wa ugwe kiasi cha theluthi moja ya sekunde kabla mshale haujamfikia. Mnyama aliyekwisha kushtuka huinama chini ili ajitupe mbio, na mshale uliolengwa kwa usahihi kamili hupita juu ya mapafu yake. Aliye yadi 20 hubakiwa na nusu tu ya muda huo.

Hapo ndipo majibu ya swali la dukani yanapopatikana. Mwindaji mpya wa msituni, ambaye mnyama wake hutokea ghafla na kwa karibu, anatosheka na pini 3 zisizohama, za unene wa kati, zenye pimamaji. Mwenye uzoefu wa uwanda wa wazi achukue pini 1 ya kuhama au ya mchanganyiko. Mwenye macho yaliyochoka achague nukta nene na pini chache. Wa kompyuta, akisharuhusiwa na sheria ya jimbo lake, asiache kufanya mazoezi ya siku ambayo betri itakwisha.

Na kila mmoja wao, kabla ya msimu kuanza, arudi uwanjani, aweke sahani ya upana wa sentimeta 20, na apige akisogea nyuma kidogo kidogo. Umbali wa mwisho ambao mishale yake yote bado inaingia katika sahani hiyo ndio mpaka wake. Pini yoyote iliyo chini ya mpaka huo inaweza kung'olewa, na kulungu yeyote aliyesimama nyuma yake aachwe aende zake.